Swali la Pili la Daktari wa Usingizi

Daktari wa usingizi ana mikono mipana, na kila akifika kitandani huisugua kwanza ipate joto. Taya la Herieth, wa kidato cha tatu, lilivunjika kwa ajali ya bodaboda. Kwa kuwa lingefanyiwa upasuaji kupitia mdomoni, mpira wa kupumulia ungepita puani. Basi daktari akashika unyuzi wa pamba chini ya kila tundu la pua, akitazama lipi linaupeperusha zaidi.

"Una jino la bandia, mwanangu?"

"Huyo? Meno ndo anayoringiaga!" wakadakia wenzake wa darasani waliozunguka kitanda.

"Sina," akajibu Herieth.

Daktari akavuta pazia, akainama. "Mbele za watu nauliza mara moja, huku nyuma nauliza tena. Likichomoka umelala, litaziba pumzi, nitakupoteza."

Herieth aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Akalichomoa jino la mbele, akalitia kiganjani mwa daktari. Daktari hakuuliza kwa nini alidanganya. Alilifunika kwa pamba, akapaza sauti: "Nyie huko nje! Mgonjwa haruhusiwi kuongea tena. Atakayemchekesha namfukuza!"