Ukuta Wangu wa Ndia Kuu

Hapana, Shangazi, hatutengenezi Mji wa Kale ili watalii wapate pa kupigia picha tu. Ndivyo nilivyomjibu leo mchana, tukiwa kibarazani kwake mtaani Tudor, hapa Mombasa. Akacheka. "Nyinyi mwaupaka mji poda kama biharusi, na wenyewe tushahama!"

Kweli alihama. Dari ya nyumba yao ya barabara ya Ndia Kuu, kule Mji wa Kale, ilikuwa ikimwaga mchanga mpaka kwenye sufuria ya wali. Leo juu wanalala wageni, chini jirani zake wa zamani wauza kofia, na ukuta wa mbele nimeupiga lipu mimi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa nimetoka kidato cha nne juzijuzi. Nilidhani nitapewa mwiko wa kupigia lipu. Fundi Mkuu akanipa fimbo nikoroge pipa la chokaa. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, ambayo huvuta unyevu na kuutoa. Ukiyafunika kwa saruji, unyevu hunasa ndani, chumvi hutokeza, lipu hubanduka. Kwa hivyo twatumia chokaa iliyolowekwa miezi mitatu, hadi iwe laini kama mtindi.

"Miezi mitatu! Kwani ni mimba?" nikauliza.

"Mimba ni tisa, mwanangu," Fundi Mkuu akasema. "Lakini wewe nakuona ulizaliwa wa miezi saba."

Nilikoroga. Kisha nikapelekwa kwenye duka moja karibu na soko la Marikiti kuziba nyufa, halafu kwenye dari za boriti, chini ya Msimamizi, bwana wa kofia ya plastiki na simu mbili. Mwishowe nikapewa ukuta huu, wa kwanza kuwa wangu peke yangu. Njia ya wageni kutembelea nyumba hizi inafunguliwa Jumamosi, na siku hiyohiyo Fundi Mkuu anastaafu.

Wiki mbili nyuma chokaa iliyoiva ilikwisha. Msimamizi alikuwa akipiga simu kila saa. Nikachota kwenye pipa la mwezi mmoja. Hakuna aliyeniona.

Leo jioni nimepita pale kutoka kwa Shangazi. Ukuta umeota vipele! Punje za chokaa mbichi zimefura ndani na kurusha lipu, kila kidonda na kidoa cheupe katikati. Msimamizi alishafika. "Tieni rangi juu. Mgeni gani atakuja kukwangua?"

Fundi Mkuu, aliyekuwa naye, alipitisha kidole gumba ukutani.

"Nilichota mimi, baba," nikamwambia. "Pipa lilikuwa halijaiva."

"Nimeshajua kwa kuugusa. Nimefanya kosa hilohilo ujanani, nikalipaka rangi, na mpaka leo nikipita nyumba ile natazama upande wa pili." Akamgeukia Msimamizi. "Ukuta ni wa huyu. Atasema yeye."

Msimamizi akanitazama. Nikasema rangi haitiwi.

Kesho asubuhi, kabla wauza kofia hawajafungua, napanda na patasi niubandue wote hadi mawe yaonekane. Jumamosi wageni wataukuta uchi, na mimi nitasimama mbele yake niwaeleze kwa nini.