Kibali cha Kwenda Uholanzi

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambe.

Kambini Tanzania, tulikoishi miaka mingi tukiwa wakimbizi kutoka Burundi, hakuna aliyevuka kizuizi bila kibali. Nilikamatwa nikienda kulima kibarua kijiji cha pili, nikawekwa rumande siku nne. Tangu hapo sisogei bila karatasi yenye muhuri.

Mwaka jana mwanangu wa mwisho, ambaye ni raia wa Ubelgiji, alipata kazi ya kuchomelea vyuma bandarini Uholanzi. Alitakiwa kuripoti baada ya wiki mbili. Akanipigia simu hapa Garland, Marekani, ili nimbariki.

"Kibali kiko wapi?" nikamwuliza.

"Baba, hakihitajiki. Nchi hizi za Ulaya zimeungana; raia wa moja hufanya kazi katika yoyote kati yake."

"Nchi mbili, bendera mbili, nawe unajiendea tu kama mbuzi aliyekata kamba? Bila kibali, baraka yangu huna."

Wewe ulicheka: "Babu, shangazi alihamia Houston na godoro juu ya gari. Alimwomba nani?" Nikakujibu kwamba Garland na Houston ni serikali moja. Nikadhani nimeshinda.

Basi mtoto yule, kwa kunitii, akaenda ofisi ya mji kuomba kibali. Karani akasema hakipo. Nikamwamuru aende dirisha jingine, maana karani mvivu husema hakipo. Mara ya tatu karani akamwita mwenzake aje amwone mtu anayeomba ruhusa ya kitu alicho nacho tayari. Mwanangu alinisimulia hayo kwa sauti ndogo, nami nikamfokea eti hakuvaa koti.

Siku ya kuripoti ikapita. Nafasi ikachukuliwa na Mpolandi aliyeteremka kwenye basi na begi lake bila kumwuliza mtu.

Kinachonichosha hadi leo si karani. Ni haki gani hiyo isiyo na karatasi? Mtu akisimamishwa njiani ataonyesha nini? Na huyu mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu, kwa nini alinisikiliza?

Mwezi uliopita akapiga tena. Nyuma yake nikasikia vyuma vikigongwa.

"Uko wapi?"

"Uholanzi, baba. Kazi nyingine, leo siku ya tisa. Nibariki sasa."

Nilimbariki. Andika pia kwamba nilimbariki kwa hasira.