Mchimbaji wangu alikwama kisimani Ngoingwa, ndio nikajua watu wa kale waliita nini wokovu

Wakuu wa Thika, Ruiru na kwingine, habari zenu. Hii sikuambiwa na mtu. Nilikuwa hapo, na kamba ilikuwa yangu.

Mimi nachimba visima. Shule niliachia darasa la sita, lakini kama unakunywa maji ya kisima hapa Ruiru, pengine ni mimi nilichimba. Ghorofa nimejenga na hii kazi. Watu wa degree hunipigia simu wakiniita engineer, na sikatai.

Sasa mwaka jana tulipata kazi Ngoingwa kwa mama mmoja mzee, tulimwita Cucu, yaani nyanya. Amefundisha Sunday school miaka mingi. Aliniuliza kama kisima hakihitaji pete za simiti za kushika ukuta. Nikamwambia huu udongo naujua.

Hiyo ilikuwa makosa yangu. Siwezi kuikwepa.

Tukiwa futi arobaini, ukuta ukashuka. Barasa, mchimbaji wangu wa miaka tisa, akashikwa na matope mpaka kiunoni. Na maji yanaingia.

Tulimtupia kamba, akajifunga chini ya kwapa. Tukavuta. Alipiga nduru nikajua tukiendelea kamba itamkata. Tukaacha.

Pastor wa hapo jirani alikuwa amefika. Akapiga magoti kando ya shimo akaita, "Ndugu, okoka sasa! Rudia maneno yangu!"

Barasa akajibu kutoka chini, "Pastor, nitoe kwanza! Hayo mengine tutaongelea huko juu!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Maji yalikuwa yamemfika Barasa kifuani.

Cucu akatoka nyumbani na furushi la nguo kuukuu.

"Wewe engineer, kwa maandiko ya kale ya Wayahudi kuna nabii alitupwa shimoni kwa matope. Mtu wa Afrika kama sisi, mtumishi wa mfalme, akamteremshia matambara aweke kwapani ndio kamba isimuumize. Haya, teremsha!"

Nikateremsha, Barasa akayaweka kwapani chini ya kamba. Pastor naye akavua koti, akashika kamba nyuma yangu. Tukavuta polepole. Barasa akatoka, gumboot zote zikabaki huko.

Tukinywa chai, Cucu akatuambia hao Wayahudi wa kale wakimlilia Mungu awaokoe, mara nyingi walimaanisha awatoe kwa adui, njaa, ugonjwa, maji ya shingo. Mambo ya kufufuka yalikuja baadaye, tena sehemu chache.

Pastor akasema, "Cucu, wokovu si hiyo tu."

"Sijasema ni hiyo tu, kijana wangu. Nimesema walianzia hapo."

Mimi nikamwongezea Barasa chai.

Barasa aliacha kazi. Ako kiwandani Thika siku hizi. Nikimpigia tunaongea vizuri, lakini kisimani hataki kusikia, na sijamlazimisha.

Lesson niliyopata ni pete za simiti kila kisima, hata mwenye plot akilia bei.

Waliosoma hayo maandiko kunishinda, niambieni nani alikuwa sawa, Cucu ama pastor. Lakini kama wewe ni fundi, na saa hii uko na mtu chini bila pete, usinijibu. Weka simu chini, umwite atoke.