Véro Aliyenishikia Mbuzi

Mwanangu, umeniuliza kwa nini naishi peke yangu katika nyumba iliyojaa picha. Kaa nikuambie, ila usinikatize. Siku yalipoanzia haya naikumbuka mpaka nguo niliyovaa: suruali ya kijivu ya tonton, mjomba wangu, imechafuka damu.

Ndiyo, suruali. Nilikuwa mchoraji wa wanyama, na mnyama hutamjua kwa kukaa sebuleni. Nilienda machinjioni hapa Kisangani kutazama mifupa na misuli, na kwa kitenge ningeteleza kila siku. Watu wa Kabondo, mtaa wetu, walinisema mpaka wakachoka. Mimi nilijipa moyo na mwanamke mmoja niliyemsoma katika kitabu cha mwalimu wangu: alikuwa Mfaransa wa karne ya kumi na tisa, mchoraji wa farasi na ng'ombe, aliyeomba kibali cha polisi ili avae suruali. Kitabu kilisema pia kwamba aliishi na rafiki yake miaka na miaka, hadi kifo kikawatenganisha. Ukurasa huo niliupita haraka haraka. Ujinga wangu.

Maana mimi pia nilikuwa na rafiki, Véro, binti wa wavuvi wa Yangambi. Aliniita yaya, dada yake mkubwa. Tuliishi nyumba moja miaka kumi na tisa, tukila sahani moja. Mbuzi hatulii kuchorwa, mwanangu. Véro ndiye aliyemshika pembe, akimwimbia polepole mpaka macho yake yalegee, nami nachora. Akisema mguu huu ni wa uongo, nilifuta. Hakukosea hata mara moja.

Bon. Siku hiyo ya suruali yenye damu wakaja wageni wakubwa kutazama picha zangu. Véro alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya kunawa. Mmoja akauliza yule ni nani. Nikacheka, nikajibu:

« Ule? Ananishikiliaka mbuzi tu. »

Véro alisikia, akawanawisha wageni, mmoja mmoja. Asubuhi yake akafunga mzigo. Nilimwona, nikajifanya natafuta brashi. Kiburi, mwanangu. Nilitaka yeye aanze kusema. Akapanda mashua ya Yangambi.

Nikangoja miaka miwili. Mbuzi wote niliowachora wakati huo wana macho ya woga, na hapakuwa na mtu wa kuniambia. Mwishowe nikapanda mashua na mimi, njia nzima napanga maneno. Niliomba msamaha, akaupokea, akanipa kiti kizuri kuliko vyote nyumbani kwao. Roho ikatulia. Nikaingia jikoni nimenye ndizi pamoja naye kama zamani, akanishika mkono, akanirudisha kitini taratibu.

« Ikala, mama. Mugeni hapikaka. »

Mama, kama aitwavyo mgeni yeyote, si yaya. Akaniletea chakula kwenye sahani yangu peke yangu, yeye akala nje na watoto wa kaka yake. Nililia, nikala. Kesho yake nikarudi Kisangani, na tangu hapo nakula hivyohivyo.

Sasa sikia. Anayebeba kazi pamoja nawe, mtaje jina mbele ya wakubwa, yeye mwenyewe akisikia. Ukimkosea, mfuate siku hiyohiyo. Usingoje kiburi kipungue, hakipungui. Na usidhani msamaha unarudisha kila kitu. Mungu akupe rafiki wa kukwambia ukweli, mwanangu, na siku utakapoulizwa huyu ni nani, akupe kinywa cha kujibu vizuri.