Ngumi ya Chini ya Mkanda

Kwa kinyozi mmoja wa Ruring'u, pembeni mwa mji wa Nyeri, juu ya kioo, palikuwa na ukurasa wa gazeti uliobandikwa kwa gundi ya unga. Ilikuwa picha ya zamani sana, ya enzi zile mabondia ndio kwanza wameanza kuvaa glavu, tena glavu nyembamba za kuonea huruma. Bondia mmoja amelala sakafuni, ameshika chini ya kitovu, uso umekunjamana. Mwenzake amesimama mikono wazi, anauliza dunia amekosa nini. Refa mwenye koti na kofia amemnyooshea kidole huyo aliyesimama: faulo, umetoka, aliyelala ameshinda.

Majina yalikuwa yamekatwa pamoja na maelezo, na nadhani hilo ndilo lililoharibu mambo. Tungejua ni kina nani tungechoka mapema. Kwa kuwa hatukujua, tulibishana mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka tukaingia miaka ya vyama vingi, serikali ikatukanwa kila upande, na kwa kinyozi wetu watu bado wanauliza kama yule bwana alipigwa kweli au alijilaza.

Baba mkubwa, aliyenilea baada ya baba kufariki, alikuwa upande wa kujilaza. Kila Jumamosi alitoka Gakindu kuja mjini kwa mambo ya kahawa, na mambo ya kahawa yaliisha haraka ajabu ili awahi kiti kwa kinyozi. Hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Niliwahi kumwona akibishana na daktari kuhusu mguu uliovunjika, na mguu wenyewe ulikuwa wa daktari.

"Huyu ni mwongo," alikuwa akisema, akigusa picha kwa fimbo, kila l ikimtoka r. "Hakuna ngumi inaweza raza mtu hivyo. Ameona anashindwa, akaanguka. Ati fauro!"

Mpinzani wake alikuwa polisi mstaafu kutoka magharibi, aliyeletwa Nyeri kikazi akajenga karibu na uwanja wa michezo, asirudi tena kwao. Ujanani alipigana ngumi kikosini, na pua yake ilikuwa shahidi.

"Mzee, wewe umepigwa na nini maishani? Mbuni wa kahawa?" alijibu. "Mimi nimepigwa hapo. Ukipigwa hapo unaona marehemu nyanya yako."

Watu walicheka, nami nilicheka kuliko wote. Sikujua najichimbia kaburi. Mwaka uliofuata nilimpenda mwalimu mmoja aliyefundisha Kutus na kuja kwao Ruring'u wikendi, na siku aliyonionyesha nyumba yao niliona kwenye veranda ile pua.

Kwetu, mwenye kuoa hasemi siku ya ruracio, siku ya kupeleka mahari. Wazee wake ndio humsemea, naye hukaa kimya, macho chini, kama mtu aliyeletwa kunyolewa. Msemaji wangu alikuwa mmoja tu, baba mkubwa. Mchumba wangu alinionya mapema: "Baba hana maneno mawili. Akikataa leo, amekataa. Na mimi siwezi kuolewa kwa kutoroka." Nilimpenda zaidi kwa maneno hayo, nikaogopa zaidi pia.

Njiani nilimwapisha baba mkubwa asitaje ngumi. Akaapa. Namsifu, kiapo alikitunza. Tulipokula, tukanywa chai, akasimama kwa heshima zote, akaanza, "Tumepita hapa tukaona ua zuri kwa hii boma..."

"Kaa kwanza, mzee," mwenye nyumba akamkata. "Kuna neno letu la kwa kinyozi halijaisha. Mimi siwezi unganisha damu na mtu anaita majeruhi mwongo."

Shangazi zangu waliotusindikiza wakatazamana. Baba mkubwa akanitazama. Mimi, kwa mila, nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Afande," baba mkubwa akasema polepole, "hiyo tuache. Reo tuko na maneno ya watoto."

"Kwa hivyo umekubali alipigwa?"

Mtu mwingine yeyote angesema ndiyo, tukaendelea na ua letu. Baba mkubwa alijaribu, ndiyo ikakwama.

"Hapana," akasema. "Arijiraza."

Mzee wa nyumba akasukuma meza kando. Akaomba baba mkubwa asimame mbele yake amwonyeshe tu, bila kumgusa, jinsi ngumi ile ilivyoingia. Mama mkwe akasema, "Baba watoto, huyo ni mgeni." Hakusikiwa. Wazee wawili, mmoja na koti la kanisani, mwingine na sweta ya mkono mrefu, wakasimama katikati ya sebule ngumi juu. Afande akateleza hatua moja kuelekea kushoto, kwa wepesi ulionishangaza, akarusha mkono wa kulia chini. Labda kapeti ilisogea, labda ni uzee. Ngumi ilifika.

Baba mkubwa akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwenye ardhi. Akaenda chini, magoti kwanza, kisha ubavu, mikono yote miwili palepale. Shangazi mmoja akapiga kelele. Mchumba wangu akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi.

Nikaona kila kitu kimeisha. Mgeni amepigwa katika nyumba aliyokuja kuomba mke. Angeinuka na kuondoka, hakuna mzee wa ukoo wetu ambaye angekanyaga tena boma ile. Angeinuka na kusema hakuumia, hoja yake ingesimama, na Afande angemchukia mpaka kiama. Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa amekauka, rangi imemtoka. Akainama.

"Mzee. Inauma?"

Baba mkubwa alifungua jicho moja. Halikumtazama Afande, lilinitazama mimi, kwa muda mrefu, mpaka mila ikanishinda nikainua uso.

"Inauma," akasema kwa sauti ndogo. "Afande, inauma sana. Yule mtu aripigwa."

Sijawahi kuona furaha kama ile. Afande alimwinua kama anainua mtoto, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaagiza supu, akaita majirani waje wasikie. Kabla supu haijapoa alikuwa amesema binti ni wetu, na mengine tutayapanga kindugu.

Jioni nilimshika baba mkubwa mkono tukitembea kuelekea stendi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya pole. Tulipopinda kona, akajitoa mkononi mwangu, akanyoosha mgongo, akatembea mbele yangu upesi kama kijana anayewahi mchezo.

"Irinigusa paja," akasema bila kugeuka. "Nirijiraza."

Nikacheka mpaka nikakaa kando ya barabara. Yeye hakucheka. Alisimama akinisubiri.

Afande aliisimulia hadithi ile kwenye harusi yetu, kwenye ubatizo wa watoto wetu wote, na kwa kinyozi kila Jumamosi, na kila mara alimalizia kwa kumgeukia baba mkubwa: "Si ndiyo, mzee?" Na baba mkubwa, ambaye hakuwahi kumkubalia binadamu chochote, alitikisa kichwa mbele ya watu wote na kusema ndiyo.