Fundi wa Betri za Ndege

Fundi aliyetunza betri za ndege pale uwanjani Juba alikuwa na vidole vilivyobabuka kwa maji ya betri. Kila asubuhi aliigusa kila betri kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kwa marubani alirudia somo lilelile, polepole: "Jenereta zikikufia angani, umebaki na betri tu. Zima taa za abiria kwanza, zima na feni. Betri ni ya redio na vipimo." Kaka yangu Gaetano, rubani, alikuwa akimtania: "Tumekusikia, padri wa giza."

Uhuru wetu ukiwa bado mchanga, vita vikazuka. Jioni moja ya mawingu Gaetano alikuwa akileta wanawake na watoto waliokimbia, jenereta zikamfia. Fundi alimwambia kwa redio azime taa. Gaetano akajibu, "Watoto wanalia huku nyuma. Ngoja kidogo." Betri ikaisha kabla hajauona uwanja, na ndege ikaanguka. Haya fundi alinieleza mimi peke yangu siku ya matanga, nje ya nyumba yetu mtaani Malakia.

Ndani, mama alimshika fundi mikono. "Mwanangu, Gaetano aliwaacha watoto wa watu gizani?"

"Hapana, mama. Alikataa kuwazimia taa."

"Mungu ashukuriwe," mama akasema, akaanza rozari. Fundi akapiga magoti kando yake, akaitikia kila Salamu Maria bila kuinua uso.