Skuta Kumi na Moja na Wiki Zangu Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini niliaibika kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimefika Kisumu kutoka kwetu Kisii nikiwa na cheti cha ufundi, viatu vinavyong'aa na kiburi cha kutosha gereji nzima. Fundi Mkuu, mtu mfupi aliyezoea kusema huku amefumba jicho moja, alinisimamisha mbele ya skuta tatu na kuniuliza zina tofauti gani. Nikazitazama kwa makini ya mtu mwenye cheti.

"Rangi," nikasema.

Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Fundi Mkuu hakucheka. Aliingia ofisini, akarudi na daftari la shule, akaniwekea mkononi.

"Kijana, jina la hizi skuta ni moja, lakini matoleo ni matatu, na kila toleo lina tabia yake. Andika tofauti. Ukifikisha ishirini, ndio utashika spana."

Ilinichukua siku tisa. Nilifagia, nikaosha vyuma kwa mafuta ya taa, na kila nilipopata nafasi nilichuchumaa kando ya skuta na daftari langu. Ninyi vijana mliozaliwa mkakuta pikipiki za bodaboda kila kona, acheni niwaeleze kidogo.

Toleo la kwanza tuliliita Mviringo, kwa ajili ya taa yake ya duara. Oili yake ilichanganywa na petroli ndani ya tangi, na mfuniko wa tangi ulikuwa na kikombe kidogo cha kupimia. Ukisahau hicho kikombe, pistoni inakauka, inang'ang'ana na silinda, na safari inaishia hapo. La pili lilikuwa Mraba: taa ya pembe nne, na oili ina tangi lake dogo chini ya kiti, pampu inaivuta yenyewe. La tatu ni Kimya. Hilo injini yake ilikuwa ya namna nyingine kabisa, oili inakaa chini ndani ya injini kama ya gari. Moshi hakuna, kelele hakuna. Sasa mtu aliyezoea Kimya akiazimwa Mviringo, anatia petroli tupu na kuondoka akipiga honi. Baadaye, huko Eldoret, nilimwona pasta mmoja akirudi kwa miguu, anasukuma Mviringo na kuimba wimbo wa kusifu, ila uso haukuwa wa kusifu.

Hizo ni tofauti kubwa, hata mtoto angeziona. Zilizonilisha ni zile ndogo. Waya wa klachi wa Mraba ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole kimoja. Gurudumu la Kimya lilikuwa na nati tano, la wenzake nne. Niliendelea kuandika hata baada ya kufikisha ishirini, kwa sababu nilikuwa nimenogewa.

Miaka ilipita, kampuni ikanihamishia tawi la Eldoret. Wiki ya kwanza huko niliaibika tena. Nilizitengeneza skuta kama nilivyozoea Kisumu, zikatoka zinakohoa moshi mweusi na kushindwa na vilima. Bwana Meneja, mzee wa sweta asiyelivua hata jua likiwaka, alitoka nje akapunga moshi kwa mkono.

"Fundi Mogaka, umenitengenezea skuta ama umenitengenezea jiko?"

Kumbe Eldoret iko juu sana, hewa ni nyepesi, na petroli ile ile iliyotosha Kisumu huku inazidi. Dawa yake ni kubadilisha jeti, kale kashaba kenye tundu jembamba ndani ya kabureta kanakopitisha petroli, na kuweka kenye tundu dogo zaidi. Kila toleo lilitaka tundu lake. Nikaandika hayo pia. Bwana Meneja alipenda kutukumbusha jambo moja, na alilisema kila Jumatatu tupende tusipende: "Skuta ya mteja ni mtoto wa mtu. Umeipokea, uirudishe."

Mtu mwingine wa kumjua ni karani wa stoo, Jepkosgei, mzaliwa wa Kimumu, nje kidogo ya mji, ambaye mimi nilimwita Mama Stoo ingawa nilimzidi umri. Stoo yake ilipangwa ukaona raha: taa rafu yake, nati rafu yake, gasketi rafu yake. Hakukupa kitu bila sahihi.

"Ni nati moja tu, Mama Stoo."

"Hata moja ina kitabu chake. Andika."

Tulizozana asubuhi, tukala githeri pamoja mchana. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi mpaka uchaguzi ule wa 2007, na vurugu zilizoufuata.

Sitazungusha maneno: tuliogopa. Mimi, mke wangu Moraa na watoto tulikuwa tunakaa mtaa wa West Indies pale Eldoret, na majirani walianza kuulizana nani anatoka wapi. Tulikimbilia uwanja wa polisi na nguo tulizovaa, tukakaa hapo siku kadhaa, halafu lori likatubeba mpaka Kisii. Nyumba yetu nyuma ilibaki kuta tupu. Moraa alisema kwamba Eldoret harudi tena, hata kwa kuitaja jina. Nilikubaliana naye.

Ila ugali haukunishuka. Gerejini nilikuwa nimeacha skuta kumi na moja za wateja. Nilikuwa nimezipokea kwa mkono wangu mwenyewe, kadi za kazi zina sahihi yangu, na kila nikikaa nasikia Bwana Meneja na mtoto wake wa mtu. Hali ilipotulia nikamwambia Moraa.

"Naenda wiki mbili. Nikute zilizobaki, nirudishe kila moja kwa mwenyewe, nichukue spana zangu. Nikimaliza, maisha yetu ni hapa."

Moraa akanyoosha vidole viwili mbele ya pua yangu. "Mbili, Baba Rose."

"Mbili."

Nilifika gerejini nikakuta madirisha yamevunjwa, na uwanjani miili kumi na moja ya skuta, mabati matupu. Injini hakuna, magurudumu hakuna, taa hakuna. Nilikaa kwenye ngazi nikashika kichwa. Hapo ndipo Jepkosgei alipotokea stoo na kitabu chake kwapani.

"Fundi, umekonda. Huko kwenu hakuna chakula?"

"Mama Stoo, wamemaliza skuta za watu!"

"Nani amemaliza? Ni mimi nilifungua." Alisema hivyo kama mtu anayesema ni yeye aliyefunga mlango. "Skuta mzima mzima ungepitisha wapi siku zile, na vijana wako barabarani? Lakini chuma ndani ya gunia la viazi, nani ataangalia? Mimi na ndugu yangu tulibeba pole pole mpaka Kimumu. Hao watu walikuja kweli. Wakaona mabati, wakafikiria wenzao wameshapita, wakaenda."

Nilitaka kumkumbatia lakini kitabu kilikuwa katikati yetu. Tukaenda Kimumu kwa mama yake. Ndani ya ghala la mahindi, nyuma ya magunia ya mahindi yenyewe, palikuwa na magunia mengine yamefungwa kamba, kila moja na kibandiko cha katoni. Nikasoma. TAA, 11. KABURETA, 11. MAGURUDUMU, 22. Kwenye debe la mwisho: NATI, NYINGI.

"Nimepanga vizuri," akasema.

"Jepkosgei! Umepanga kama stoo! Sasa nitajuaje taa ni ya nani?"

"Kwani mimi ni nani, Fundi? Si mimi ni wa stoo?"

Tulitazamana. Kisha tulianza kucheka, na mama yake akacheka bila kujua anacheka nini. Mimi sikuwa nimecheka tangu lori lile. Fundi angefungua skuta na kuweka vitu vyake pamoja. Yeye alikuwa ameweka ndugu na ndugu, kama alivyofundishwa, na hakukosa hata kimoja.

Halafu akafungua mkoba wake wa kanisani, akatoa daftari langu. Nilikuwa nimeliacha kwenye droo, na nilikuwa nimeshalizika moyoni.

"Hii nilishika na mkono. Sikutia kwa gunia."

Nilifungua ukurasa wa mwisho. Mimi nilikuwa nimeishia tofauti ya arobaini na moja. Chini yake, kwa mwandiko wake wa stoo, palikuwa na mstari mmoja zaidi: "42. Stendi ya Mraba ni nzito kuliko stendi ya Kimya. Nimebeba zote mgongoni." Nimeshika spana miaka mingi na sikuwahi kulijua hilo, kwa sababu sikuwahi kubeba stendi kutoka mjini mpaka Kimumu. Machozi yalinitoka mbele ya mama wa watu na sikuyaficha. Nadhani wiki zangu mbili ziliharibika pale pale, ingawa nilikuwa bado sijajiambia.

Tulirudisha kila kitu gerejini kwa mkokoteni. Miili ya skuta ilikuwa na namba zilizochongwa, kwa hiyo wenyewe walijulikana. Kwa vile vingine ilikuwa ni daftari na macho. Waya mfupi kwa kidole, Mraba. Gurudumu la tundu tano, Kimya. Jeti zote kumi na moja zilikuwa ndani ya kopo moja la kakao, nikazipima moja moja kwa unywele wa waya wa shaba. Pale toleo lilipofanana, nilitafuta mkono wa mwenyewe: breki iliyopinda ya yule pasta niliijua kama sauti yake. Chujio moja la hewa lilikuwa na mbegu za sukuma wiki, nikajua ni la Bi Wanjiru, muuza mbegu aliyezunguka mashamba na Mviringo wake.

Wiki mbili zilipoisha, simu ikalia.

"Baba Rose, vidole ni viwili."

"Bado skuta saba."

Zikapita nyingine mbili. "Bado nne." Simu ya tatu hakupiga; alikuja mwenyewe. Siku nzima ya kwanza alikaa kwenye benchi la wateja na mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri gari. Mama yake Jepkosgei akaleta kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao. Moraa akanywa kwa adabu, halafu akanywa kwa hamu. Siku ya pili aliweka mkoba chini. Siku ya tatu nilimkuta amepakata lile debe la NATI, NYINGI, anazipanga kwa ukubwa na kumkosoa Jepkosgei.

Zote zilipounganishwa ndipo tukaanza kuziwasha, na ya kwanza ilipowaka, mafundi wa gereji jirani walikuja mbio wakidhani kuna ajali, kwa jinsi tulivyopiga kelele. Mmoja mmoja wenye skuta wakaja. Pasta alipanda yake bila wimbo wowote, akazunguka uwanja mara tatu. Kumi ziliondoka. Ikabaki ya Bi Wanjiru. Duka lake lilikuwa limefungwa, simu yake haipatikani, na hakuna aliyejua alikokwenda. Tukaiegesha ndani, tukaandika 11 kwenye kadi yake, na kila Ijumaa nikawa naiwasha ili isisahau kuunguruma.

"Kwa hiyo wiki mbili bado?" Moraa akaniuliza.

"Niliahidi kurudisha zote. Bado moja."

Akanikazia macho, kisha akaenda kutafuta nyumba ya kupanga. Akaipata Kimumu. Kila mwaka ukigeuka alininyooshea vidole viwili, nami nikamjibu, "Bado moja," na sote wawili tulijua kwamba ni mchezo, na kwamba si mchezo peke yake.

Bwana Meneja hakurudi, alistaafu kwao. Alikuja Bwana Meneja wa pili aliyependa mikutano, na wa tatu aliyependa simu. Wa nne alikuwa Jepkosgei. Ndiye aliyenipa barua yangu ya kustaafu, na kabla ya kuiachia akanisogezea kitabu.

"Andika, Fundi. Umepokea."

Siku hizi vijana huniuliza ufundi ni nini hasa. Wanatarajia niseme nguvu, au mashine ya kompyuta inayosoma injini. Mimi nawaambia ni kutosema "rangi". Wengi hawanielewi, nami sina haraka nao. Ijumaa naenda gerejini, naiwasha Namba Kumi na Moja, nakunywa chai na Bi Meneja, narudi.

Juzi Jumatano alinipigia simu. "Fundi, kuja. Kuja sasa hivi."

Nilimkuta mwanamke mwenye mvi amesimama uwanjani na mwavuli, na kadi ya kazi iliyochakaa kwenye mikunjo. Hakunisalimia kwanza.

"Nilikuwa nimeleta skuta ibadilishwe klachi," alisema. "Mlimaliza?"

"Tulimaliza, Mama."

"Mlichukua muda." Hapo mwavuli ukamponyoka, nasi tukamshika, mmoja huku na mwingine huku. Akatuambia kwamba amefungua kibanda cha mbegu Kesses, nje ya Eldoret, karibu na chuo kikuu, na hawezi kufika mashambani kwa miguu. Nikamtolea Mviringo wake. Nikaanza kumkumbusha kuhusu oili.

"Unanifundisha skuta yangu?" Akafungua mfuniko, akapima kikombe chake mwenyewe bila kumwaga hata tone, akapiga teke moja. Iliwaka. Jepkosgei alimsimamisha getini, akamletea kitabu, na yule mama akatia sahihi.

Nilifika nyumbani nikamkuta Moraa kibarazani anachambua mboga ya managu.

"Namba Kumi na Moja imechukuliwa na mwenyewe," nikamwambia.

Mikono yake ikasimama. "Zote zimerudi?"

"Zote."

Akanyoosha vidole viwili, polepole. "Basi zimeisha."

"Zimeisha. Nilikuahidi, Mama Rose. Tufunge mizigo?"

Akanisukumia sinia la managu.

"Chambua na wewe. Kesho akina mama wa chama chetu cha kuchangiana wanakuja hapa, na mama yake Jepkosgei hapendi mboga yenye mabua."